Kofia mchangani: namna ya kuandika mateso ambayo mtaa haukuyaona

SWALI: Naandika mashairi ya Kiswahili na naishi Pipeline, Embakasi, Nairobi. Mwezi uliopita kijana wa mjengo alianguka kutoka orofa ya tano ya jengo linaloelekeana na chumba changu. Kufikia saa nane mchana mashine ya kukoroga zege ilikuwa inanguruma tena, mama wa uji anauza, makanga wanaita watu. Nimeandika shairi la beti 12. Linaanza, "Ole wenu walimwengu, wenye mioyo migumu." Nililisoma mbele ya watu, wakapiga makofi ya adabu, yakaishia hapo. Nasikia upo mchoro maarufu wa Ulaya, na shairi lililoandikwa kuuhusu, wa mtu anayeanguka bila kuonekana. Walifanyaje hao? Na mimi nifanyeje? Nimezoea tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, ingawa niko tayari kujaribu shairi huru.

JIBU: Dada, pole kwa uliyoyaona. Kuyaona tu ni kazi ambayo wengi siku hiyo hawakuifanya, kwa hiyo usilichane shairi lako.

Tatizo lake limo katika mshororo wa kwanza. Umewakemea walimwengu, na kwa kuwakemea umewafungulia wasikilizaji mlango wa kutokea. Kila mmoja ukumbini alijiambia kwamba mlimwengu huyo mwenye moyo mgumu ni mwingine, si yeye. Wakakupigia makofi kwa sababu mlikuwa upande mmoja. Shairi la mateso yasiyoonekana lina kazi ngumu zaidi: linamfanya msomaji ayapite mateso yenyewe, kama mtaa ulivyoyapita, kisha ashtuke kwamba ameyapita. Mengine yote nitakayokueleza ni njia za kulifanya hilo.

Mchoro uliousikia ni Mandhari yenye Anguko la Icarus, wa Pieter Bruegel. Uko Brussels, katika makumbusho ya kifalme ya sanaa, na ulinunuliwa 1912. Wataalamu wengi leo wanaamini kwamba huo ni nakala ya kale ya kazi ya Bruegel iliyopotea, ila mpango wake ni wa Bruegel. Si mkubwa: kimo sentimita 73.5, upana sentimita 112. Mbele kabisa yupo mkulima aliyevaa nguo yenye mikono myekundu, analima nyuma ya farasi. Chini yake mchungaji ameegemea fimbo, anatazama juu. Kulia ameketi mvuvi, mkono umenyooka kuelekea majini, na karibu naye inapita merikebu iliyotanua matanga. Katikati ya merikebu na mvuvi, ukitafuta, utaona miguu miwili inazama. Huyo ndiye Icarus, kijana wa hekaya za Kiyunani aliyeruka kwa mabawa ya manyoya na nta, akalikaribia jua, nta ikayeyuka. Tafuta picha ya mchoro huu kwenye simu, ufunike miguu hiyo kwa ncha ya kidole. Mchoro haupungukiwi na kitu! Shamba lipo, bahari ipo, jua lipo. Kipimo hicho cha kidole kiweke akilini, maana tutakihitaji kwenye tarbia yako.

Bruegel aliitoa hadithi kwa mshairi wa Kirumi Ovid, kitabu cha nane cha Metamorphoses. Kwa Ovid wapo haohao watatu, mvuvi, mchungaji na mkulima, lakini wao wanainua macho, wanawaona baba na mwana wakiruka, wanashangaa na kudhani ni miungu. Bruegel amewabakiza mashahidi wote watatu na kuwanyang'anya ushahidi wao. Mkulima anatazama mtaro wake, mvuvi anatazama maji yake. Mchungaji ndiye anayeumiza kuliko wote, kwa sababu anatazama juu kweli, ila upande ambao hakuna kitu. Katika toleo jingine la mchoro huu, lililo katika makumbusho ya Van Buuren hukohuko Brussels, baba yake Icarus angali angani na mchungaji anamtazama. Katika toleo la makumbusho ya kifalme baba hayupo, na mchungaji amebaki akitazama anga tupu. Tazama mageuzi hayo madogo yalivyofanya kazi kubwa.

Kipo kingine cha kuchunguza. Kushoto, ndani ya kichaka, kinaonekana kichwa cheupe cha maiti. Kuna methali ya Ulaya ya kaskazini isemayo kwamba hakuna plau inayosimama kwa sababu ya mtu anayekufa, na Bruegel alikuwa mchoraji wa methali hasa. Mwaka 1559 alichora mchoro mzima wa methali za kwao. Sisi tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hiyo haimtukani asiyejua. Inaeleza tu kwamba maumivu yana chumba chake na wengine wako nje. Ndiyo sababu napendelea usimhukumu mama wa uji katika shairi lako. Uji ukipoa, watoto wake hawali. Mkulima wa Bruegel naye si katili, ana shamba la kumaliza kabla jua halijazama.

Shairi unalolisikia ni la mshairi Mwingereza W. H. Auden, aliloandika Desemba 1938 alipokuwa Brussels. Lina mistari 21, beti mbili zisizolingana: 13, kisha 8. Katika ubeti mrefu anazungumza kwa jumla, kwa sauti ya mtu anayepiga gumzo: mateso hutokea huku mtu mwingine anakula, anafungua dirisha, au anatembea tu bila hamu. Vina vipo, lakini mistari haina urefu mmoja, kwa hiyo sikio linavikosa kama jicho linavyoikosa miguu ile. Icarus anaingia katika ubeti wa pili tu, na mwisho wa shairi anapewa mtu mwingine: merikebu iliyokuwa na safari ikaendelea nayo. Baadaye Mmarekani William Carlos Williams aliuandikia mchoro huohuo shairi fupi lisilo na alama za uakifishaji, na kuzama kwa Icarus akakuweka mstari wa mwisho. Wote wawili walielewa kwamba suala ni nafasi. Mateso yanapewa mistari mingapi, na yanakaa wapi katika shairi?

Lakini huhitaji kwenda Brussels. Shairi lililofanya kazi hii kwa ukali zaidi, kwa maoni yangu, liliandikwa hapa kwetu, kwa Kiingereza, na Marjorie Oludhe Macgoye. Linaitwa A Freedom Song, na wengi walilisoma shuleni bila kuambiwa limejengwaje. Atieno, shairi linapoanza, ni mtoto wa miaka minane, yaya na mfanyakazi wa nyumbani kwa mjomba wake. Hasimulii yeye. Anayesimulia ni mjomba, na mjomba hana habari kwamba anatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Anaeleza kwamba mtoto halipwi kwa kuwa ni wa dada yake, kana kwamba anaeleza jambo la busara. Kila ubeti unafungwa kwa jina la Atieno. Jina linaitwa na kuitwa, na hakuna hata mara moja anaitwa ili asikilizwe. Mwishoni, nyama na sukari zinazoliwa matangani mwake zinazidi alizokula maisha yake yote. Mshairi hakuandika neno "dhuluma". Alihesabu chakula.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuamua, kabla ya bahari (aina ya shairi) na mizani (hesabu ya silabi), ni nani anayesema. Njia ninazoziona zinafaa kwa kisa chako ni tatu. Anaweza kusema mpita njia aliye na shughuli zake. Anaweza kusema mwenye hatia asiyejiona, kwa mfano msimamizi wa mjengo anayelalamika kwamba kazi imecheleweshwa saa tatu. Au hakuna anayesema, vitu vyenyewe vinaonekana tu. Njia ya nne, ya kusema kwa kinywa cha marehemu, ningekusihi uiache. Humjui. Utamvalisha maneno yako, na hapo atakuwa ameondolewa mara ya pili.

Sasa tarbia. Wengi watakuambia umbo hili ni la kizamani na halifai kisa kama hiki. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu lina sehemu mbili ambazo zinafaa mateso yasiyoonekana kama kufuli na ufunguo: mgawanyo wa ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, na kibwagizo, mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti.

Nimekutungia ubeti wa mfano, mizani 16 kila mshororo, nane kwa nane:

Mama wa uji apima, vikombe kwenye foleni,
Matatu zinanguruma, konda yuko mlangoni,
Mashine bado yavuma, kofia i mchangani,
Beba, beba, kusimama! Soo tao, ingieni!

Usome kwa sauti ya kawaida, bila kulia. Kofia ya kijana iko wapi? Katika utao wa mleo, yaani nusu ya pili ya mshororo wa tatu. Hapo ndipo mahali penye kivuli zaidi katika ubeti wa tarbia. Mshororo wa kwanza sikio linaupokea kwa hamu, wa mwisho linaungoja kwa kuwa linaujua. Utao wa tatu unapita huku msikilizaji amekwisha kujiandaa kuitikia. Mateso yaweke hapo. Kisha kibwagizo, sauti ya makanga (soo ni shilingi mia, tao ni mjini), kinayafunika kabla hayajatulia sikioni. Ukifunika maneno "kofia i mchangani" kwa kidole, ubeti unabaki picha ya kawaida ya asubuhi ya Pipeline.

Tazama pia ile "i". Ukisema "kofia iko mchangani" mizani inakuwa tisa, utao unavimba, na sikio linagundua. "I" peke yake inatimiza nane na ni neno dogo linalotelezwa bila kusikika. Mahali pekee ambapo mtunzi ametia hisia yake ni neno "bado". Ubeti mmoja unaweza kubeba "bado" moja. Ukiweka mbili, umeanza tena kukemea.

Vina nimechagua -ma na -ni kwa sababu, na ningekushauri uvishike beti zote, yaani mtiririko. Kina cha -ni kinakuja na maneno ya mahali: mchangani, mlangoni, kotini, ngazini. Shairi litajaa mahali ambapo mtu alipaswa kuwepo, na hilo umbo limekufanyia bure. Kina cha -ma kinakuja na vitenzi vya kazi: apima, yavuma, anachoma, wanahama. Lakini hapa pana mtego ambao umewaangusha watunzi wengi. Kina cha -ma kitakuletea pia huruma, dhuluma, lawama, yatima. Kile cha -ni kitakuletea maskini, huzuni, kaburini, motoni. Maneno haya yatakuja yenyewe usiku ukiwa umechoka, yametimiza mizani, yanang'aa. Yaandike kwenye karatasi ya pembeni na uyapige marufuku kabla hujaanza. Shairi lako la kwanza, nina hakika, liliandikwa na vina vyake zaidi ya wewe.

Kosa jingine la mizani ni vijalizo. Mshororo ukipungua mbili, mkono unatafuta "naam", "hakika", "jamani". Katika shairi la mapenzi vinaweza kuvumilika. Hapa kila kijalizo kinasikika kama mtu anayekohoa msibani ili aonekane. Badala yake, ongeza kitu chenye bei au uzito. Ulimwengu unaoendelea lazima uwe na vitu halisi, la sivyo msomaji hana cha kumshughulisha na ataiona kofia mara moja. Nenda ukakae dakika 20 mahali palepale, saa ileile, na daftari lenye safu tatu: vinavyoonekana, vinavyosikika, vinavyouzwa na bei zake. Usiandike unavyohisi. Ukitoka na mambo 30, utatumia kama 12.

Beti 12 ni nyingi. Jaribu sita. Ubeti wa kwanza ni huo wa kofia au mfano wake. Wa pili usiwe na dalili yoyote ya kifo, asubuhi tupu, na usiogope kwamba msikilizaji atasahau. Tunataka asahau. Wa tatu, turubai limetandikwa mahali ambapo jana halikuwepo. Wa nne ndio moyo wa shairi, na ningeujenga juu ya mshororo huu: "Msimamizi apima, simu yalia kotini." Koti limetundikwa msumarini na mwenyewe hayupo. Usiseme ni nani anayepiga. Msikilizaji ana mama, atajijazia. Wa tano ni Jumamosi ya malipo, majina yanasomwa, moja linapitwa. Wa sita uwe wa asubuhi nyingine, karibu sawa na wa kwanza neno kwa neno, ila kibwagizo kinabadilika nusu yake ya pili:

Beba, beba, kusimama! Nafasi moja, njooni!

Makanga husema hivyo kila siku gari linapokaribia kujaa. Lakini langoni mwa mjengo vibarua wamepanga foleni tangu alfajiri wakingoja kuchaguliwa, na wao pia wanaambiwa ipo nafasi moja. Hapo, mara moja tu, mtaa na mauti vinasema sentensi ileile. Kwa kanuni za darasani, mshororo wa mwisho unaobadilika huitwa kimalizio na usiobadilika huitwa kibwagizo. Ukivunja kanuni hiyo mara moja mwishoni, baada ya kuitii mara tano, kuvunjika kwenyewe kutakuwa ndiko kilio. Ukivunja mapema, hakuna atakayejua kwamba kuna kitu kimevunjika.

Kuhusu shairi huru nitasema kidogo. Katika Kiswahili njia hiyo ilipanuliwa sana na Euphrase Kezilahabi kwa diwani yake Kichomi, 1974, na hapa Kenya Kithaka wa Mberia ameonyesha namna mpangilio wa maneno kwenye ukurasa unavyoweza kuwa sehemu ya maana. Huna kina cha kukusaidia kuficha, kwa hiyo unaficha kwa kukata mstari:

Uji wa wimbi, kikombe shilingi ishirini.
Chenji.
Kofia ya njano
mchangani.
Chenji imepungua shilingi tano.
Naidai.

Jicho linaiona kofia, linarudi kwenye shilingi tano. Ukiongeza mstari mmoja wa kujuta baada ya "Naidai", umeliua shairi. Ugumu wa njia hii ni kuacha kuandika wakati mkono ungali unataka.

Uliuliza pia kuhusu mchoro, na pengine una rafiki anayechora. Mambo ni yaleyale, vipimo tu vinabadilika. Kwenye kanvasi ya sentimita 60 kwa 90, mtu aliyeanguka asizidi sentimita tatu au nne, asikae katikati, na asipewe rangi kali kuliko zote. Rangi kali mpe asiyehusika, kama Bruegel alivyompa mkulima wekundu. Mistari mikuu ya mchoro, kama barabara, nyaya za stima au ukingo wa paa, iongoze jicho mbali naye. Pima hivi: simama hatua nne kutoka ukutani. Ukimwona kutoka hapo, amekuwa mkubwa mno au mweupe mno. Sogea hadi urefu wa mkono. Usipomwona hapo, umemficha kupita kiasi, na hakuna atakayepata mshtuko.

Zipo njia nyingine ambazo haziendi kwa udogo. Francisco Goya, Mhispania, alichonga mabamba ya kuchapia picha kuhusu vita kati ya 1810 na 1820, na hayakuchapishwa hadi 1863, miaka 35 baada ya kufa kwake. Bamba la 26 linaonyesha watu wamepiga magoti wakiomba uhai, na kutoka ukingo wa kulia zinaingia ncha za singe tu. Askari hawamo katika fremu. Chini ameandika maneno machache yenye maana ya "Haitazamiki". Yeye amewaficha wauaji, Bruegel amemficha anayekufa. Jiulize katika kisa chako ni nani hasa asiyeonekana: kijana, au mwenye jengo aliyeacha jukwaa bila ukuta wa kuzuia watu kuanguka? Ukiona ni huyo wa pili, basi njia ya Goya inakufaa zaidi, na msimamizi abaki sauti tu ya nje ya mshororo.

Na kuna funzo la kutisha katika mchoro mwingine wa Bruegel, wa mauaji ya watoto wa Bethlehemu, ambao sasa ni mali ya ufalme wa Uingereza. Uliwahi kuwa wa mtawala Rudolf II. Watoto waliokuwa wanauawa walipakwa rangi juu, wakageuzwa wanyama, mizigo na vyakula, hata ikaonekana ni kijiji kinachoporwa tu. Nakala za mwanawe Bruegel ndizo zinazotuonyesha kilichokuwepo. Wazazi bado wanalia juu ya mizigo. Kila mhariri atakayekushauri uondoe kofia ili shairi "lipendeze" anashika brashi hiyo, na wewe uwe na nakala yako.

Nairobi yenyewe ina mahali ambapo jambo hili limejengwa kwa saruji. Nyayo House ina orofa 27. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu walioshukiwa kuipinga serikali waliteswa katika seli za chini ya jengo, wengine wakisimamishwa ndani ya maji. Juu yao ofisi za serikali zilikuwa zikihudumia wananchi mchana kutwa, watu wanafuata pasipoti. Seli zilifunguliwa umma uzione 2003. Kando tu, hatua chache, ndipo ilipo Nairobi Gallery, katika jengo la 1913. Ukitaka zoezi kabla ya kurudia shairi lako, andika mishororo minane kuhusu foleni ya pasipoti tu, na maji yatajwe mara moja, kama tone kwenye sakafu. Wakati huohuo soma diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa 1973. Aliitunga gerezani, alikofungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na aliandika kwenye karatasi za chooni. Yeye alikuwa ndani, hakuwa mpita njia, ndiyo maana ana haki ya kusema kwa kinywa cha anayeteseka, haki ambayo mimi nimekuzuia. Tofauti hiyo ya mahali pa kusimama inabadilisha kila kitu katika sauti.

Huko nyuma zaidi, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inaliomboleza jiji la Pate kwa kuonyesha zidaka, yaani vishubaka, za ukutani zilizowekwa vyombo vya thamani, ambamo sasa ndege wanalea makinda. Ndege hawajui walipo. Huyo ni mkulima wa Bruegel, ila ametungwa Uswahilini. Ingawa mtunzi huyo anawaidhi waziwazi na anapaswa kuwaidhi kwa kuwa ndiyo kazi ya utenzi wake, kinachobaki kichwani mwa msomaji ni wale ndege.

Sasa familia ya kijana. Hili ningeliweka mwanzo kama ungekuwa mbele yangu. Kabla ya kusoma shairi lililorekebishwa popote, tafuta wafanyakazi wenzake, uwaulize familia iko wapi, na uwaombe ruhusa. Ukishindwa kuwapata, badili jina, orofa, rangi ya kofia na mtaa. Wakikubali, waulize swali moja mahususi: mnataka jina lake liwemo? Kwenye taarifa nyingi ameitwa "kibarua", na mama anaweza kutaka jina lisikike. Anaweza pia asitake. Likiwemo, liweke katika ubeti wa tano, kwenye orodha ya malipo, mahali ambapo jina lake lilikuwa na kazi. Usipige picha ya mahali alipoangukia ukaiweka mtandaoni pamoja na shairi. Picha itakula shairi, na watu wataitafuta damu.

Na ukiwa unazungumza nao, waulize kama dai la fidia limeshapelekwa. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya 2007 inatoa miezi 12 tangu kifo kwa dai kuwasilishwa, na familia nyingi za vibarua hufiwa bila kuambiwa. Hilo halimo katika ushairi, lakini wewe ndiye uliyeona, na pengine wewe ndiye utakayewafikia kabla muda haujapita.

Mwisho, jukwaani. Ulisoma beti zote mwenyewe, nao wakasikiliza. Safari hii wafundishe kibwagizo kabla ya kuanza. Waambie tu, "Nikifika hapa, mwitikie kama stejini." Nairobi hakuna asiyejua kuita abiria. Watacheka, watapaza sauti, na ifikapo ubeti wa tatu watakuwa wanaifurahia. Waache. Soma utao wa mleo kwa sauti ya chini kidogo kuliko mingine, bila kusita, na uwaruhusu waufunike kwa kelele zao. Ubeti mmoja wa tarbia huchukua kama sekunde 15, kwa hiyo beti sita ni dakika moja na nusu, muda wa kutosha mdomo kuzoea. Katika ubeti wa sita wao watapiga "Soo tao, ingieni!" na wewe, wakati huohuo, utasema "Nafasi moja, njooni." Sauti mbili zitagongana. Wachache wa mbele watakuwa wamesikia ulichosema, na utawaona wakigeuka kuwatazama wa nyuma. Usirudie mshororo. Usieleze. Usiseme ahsante haraka. Hesabu kimoyomoyo hadi nne, kunja karatasi, ushuke.